UZI: Je, ni kweli wazee wetu Afrika hawapatwi na dimenshia kama wazungu? Tusome takwimu vizuri

Mwana wa Kadutu (mwanzisha uzi)

Salamu kwenu wa Bukavu, Goma, Lubumbashi, na ninyi mlioko mbali.

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Kadutu, Bukavu: "Muganga, hiyo ni maladi ya wazungu. Kwetu mzee anazeeka tu." Wapo na wasomi wanaoiunga mkono, wanasema tafiti zimeonyesha kwamba Waafrika wanaugua dimenshia kwa nadra. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na kwa kuishikilia nzima nzima tunawaumiza wazee wetu. Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Dimenshia si kusahau ulipoweka funguo. Ni ubongo kuharibika pole pole mpaka kumbukumbu, lugha, hesabu na uamuzi vinapungua kiasi kwamba mtu anashindwa kazi alizokuwa akizifanya mwenyewe. Aina kubwa ni Alzheimer, ambayo ni kati ya 60% na 70% ya wagonjwa. Nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na wazee wengi wana zote mbili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57 duniani, na zaidi ya 60% yao wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa idadi ya vichwa basi, wagonjwa wengi si wazungu.

Ila kauli ile haikuanguka kutoka mbinguni, ina asili yake. Asili hiyo ni utafiti wa Ibadan na Indianapolis.

Mwaka 1992 Hugh Hendrie na wenzake wa Marekani, pamoja na Osuntokun na Ogunniyi wa Nigeria, walianza kufuatilia makundi mawili ya wazee wa miaka 65 kwenda juu: Wayoruba wa mji wa Ibadan, na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Maswali yale yale, utaratibu ule ule pande zote mbili. Ibadan walikuta wagonjwa 2.29%. Indianapolis, ukijumlisha na wale wanaoishi kwenye nyumba za wazee, 8.24%.

Mtu atauliza: si kwa sababu Nigeria mgonjwa anakufa haraka, kwa hiyo siku ya kuhesabu anakuwa hayupo? Hoja nzuri, na wenyewe waliiona. Wakaacha kuhesabu walio wagonjwa tayari, wakaanza kuhesabu wanaougua upya kila mwaka. Majibu yalitoka 2001: Ibadan 1.35% kwa mwaka, Indianapolis 3.24%. Pengo lilikuwa bado lipo, tena zaidi ya mara mbili. Na wazee wa Ibadan walikuwa na presha kidogo, kolesteroli ya chini, uzito mdogo.

Wengi wanaonukuu utafiti huu huishia hapo. Tafadhali msiishie hapo! Watafiti wale wale walichukua kundi jipya mwaka 2001 kwenye miji ile ile miwili, wakalilinganisha na kundi la 1992, kwa watu wa miaka 70 kwenda juu. Indianapolis kasi ya kuugua ilishuka kutoka 3.6% kwa mwaka hadi 1.4%. Ibadan ilikuwa 1.7% kwa kundi la kwanza na 1.4% kwa la pili, yaani hakuna mabadiliko ya maana. Mmeona? Pengo limefutika, na si kwamba Waafrika wamezidi kuugua. Ni wale wa Marekani walioshuka. Damu ya watu haibadiliki ndani ya miaka tisa. Kinachobadilika ni shule waliyosoma utotoni na presha inayotibiwa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye suala hili. Tofauti kati ya watu na watu ilikuwa kweli, ila haikuwa kinga tuliyozaliwa nayo.

Sasa upande wa kuhesabu kwenyewe. Kuna kundi la watafiti wa nchi nyingi linaitwa 10/66. Walijiita hivyo kwa sababu 66% ya wagonjwa walikuwa nchi maskini, na tafiti zilizofanyika huko hazikufika 10%. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya Amerika ya Kusini na visiwa vyake, India na China. Walipotumia vigezo vya madaktari wa Marekani, vijijini India walipata 0.3% tu, na Cuba 6.3%. Walipotumia kipimo chao, kilichotengenezwa ili asiyesoma asionewe na familia isiyoona tatizo isifiche, kiwango cha chini kabisa kikawa 5.6% (vijijini China) na cha juu 11.7% (Jamhuri ya Dominika). Wazee ni wale wale. Umebadilisha namna ya kuuliza, tofauti ya zaidi ya mara ishirini ikawa mara mbili hivi.

Niwape mfano wa hapa. Mama mzee wa Walungu hajawahi kukaa darasani. Unampa karatasi umwambie achore maumbo mawili ya pembe tano yanayokatana. Kalamu inamteleza vidoleni, hajawahi kuishika. Unamwambia atoe saba kwenye mia moja, halafu saba tena, halafu saba. Unamuuliza tarehe ya leo. Hajui, lakini anajua siku ya soko la Mugogo na nani anamdai. Kwa mtihani ule ameanguka, na ukimwandika mgonjwa umemsingizia. Halafu anakuja mwalimu mstaafu wa Ibanda, anajibu yote kwa Kifaransa kizuri, kumbe nyumbani tayari anavaa shati juu ya pijama na anapotea njia ya kutoka misa. Huyo mtihani unampitisha.

Hata umri ni kazi kuupata. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, tunakisia kwa matukio: mama, wakati wa Schramme, mamluki walipouteka mji 1967, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na watoto wangapi? Ukikosea miaka mitano umeharibu hesabu yote, maana hatari ya ugonjwa huu huongezeka karibu mara mbili kila miaka mitano baada ya 65.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo la karibu zaidi: familia zetu na majirani zetu wanambeba mgonjwa mpaka haonekani. Kuna mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) sokoni Kadutu aliletwa kwetu kwa ajili ya presha. Nikauliza kuhusu kumbukumbu, watoto wote wakajibu iko sawa, anawataja wajukuu wote kwa majina. Nikaacha majina, nikauliza biashara. Binti yake akatazama chini. Mama alikuwa anapewa noti ya dola tano, anarudisha chenji ya dola kumi. Anapima sambaza, anaweka kwenye mfuko, anasahau kwamba ameshapima, anapima tena. Wakina mama wa meza za jirani walikuwa wamegundua zamani, wakawa wanamhesabia hela kimya kimya ili asiaibike. Upendo wa kweli ule. Lakini mtafiti angepita pale na karatasi zake angeandika: hana tatizo.

Kwa hiyo ukisikia "Afrika ni kidogo", uliza kwanza: Afrika gani, na waliuliza nini? Vijijini Djidja, Benin, walipata 2.6%. Bangui 8.1%, Brazzaville 6.7%. Wilaya ya Hai, Tanzania, 6.4% kwa wa miaka 70 na zaidi, ambayo ni sawa na nchi nyingi za Ulaya. Hapa Congo, Jean Ikanga, Mkongo mwenzetu anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Emory University ya Marekani, ndiye aliyeanza kuwapima wazee wa Kinshasa kwa utaratibu. Kivu na Katanga bado tunasubiri wa kwetu.

Karibuni tujadiliane.

---

Mzee wa Bagira

Mwanangu, umeandika vizuri na ninakushukuru, lakini unapuuza jambo. Wazungu wanawatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Mtu akikaa peke yake ukutani akili lazima imtoke. Sisi mzee anazungukwa na wajukuu, anaulizwa mambo, anapatanisha ndoa. Hiyo ndiyo dawa yetu. Usitufanye tuone mila zetu hazina kazi.

---

Mwana wa Kadutu

Mzee wangu, shikamoo. Sipuuzi hata kidogo, na sayansi iko upande wako kwa hilo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitoa ripoti 2024 yenye mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, karibu 45% ya dimenshia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Upweke umo, na wameupa kama 5%.

Lakini Mzee, angalia na mengine 13 kisha utazame mitaa yetu. Elimu ndogo utotoni: mama zetu wangapi walipelekwa shule? Presha. Sukari. Uziwi: huo na kolesteroli mbaya ndiyo wameyapa uzito mkubwa kuliko yote, 7% kila moja. Hapa mtoto akitokwa usaha masikioni tunangoja ukauke, na mzee asipokusikia tunacheka tunasema anasikia anachotaka. Macho: mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji mfupi, ila tunao wazee walioketi gizani miaka. Kuumia kichwa: hesabu mwenyewe pikipiki zinazoshuka kutoka mtaa wa Essence abiria hana kofia. Moshi, nasi tunapika kwa makala (mkaa) ndani ya chumba kimoja. Pombe, na kanyanga mnaijua. Halafu sigara, unene, kukaa bila kutembea, huzuni kubwa isiyotibiwa.

Wajukuu wanasaidia, ndiyo. Hawashushi presha.

Na hata hao wajukuu: mmoja yuko Kampala, mwingine Kinshasa, wengine walikimbia mwaka jana. Ninawaona wazee wanaoachiwa nyumba na mtoto wa kazi wa miaka 13. Familia ya Kishi, ya sisi Washi, unayoielezea ninaiheshimu, nililelewa ndani yake, ila haipo tena kila nyumba.

---

Dada wa Matonge

Niko Bruxelles, baba yangu ni wa Kabare, tulimleta hapa akiwa na miaka 71. Nataka kuongeza jambo kuhusu vipimo. Walimpima kwa Kifaransa. Baba alikuwa karani wa serikali, Kifaransa chake kilikuwa cha kuogopwa. Alama zikatoka mbaya sana, wakasema ugonjwa umefika mbali. Nikaomba warudie nikiwa naye, nimuulize kwa Mashi, lugha ya kwao. Alijibu zaidi ya nusu! Ugonjwa ulikuwepo, sikatai, ila haukuwa umefika pale waliposema. Kifaransa ndicho kilikuwa cha kwanza kumtoka, Kiswahili kikafuata, Mashi akabaki nayo mpaka mwisho.

Wenzangu mlioko huku, msikubali mzazi apimwe kwa lugha aliyoipata shuleni tu. Kaeni naye chumbani.

Muganga, nina swali: ni kweli kwamba kujua lugha nyingi kunakinga?

---

Mwana wa Kadutu

Pole sana kwa baba, dada yangu. Na asante, maana huku kwetu pia muuguzi akitaka kuonekana msomi anauliza kwa Kifaransa.

Kuhusu lugha: utafiti wenye uzito ni wa Hyderabad, India, mwaka 2013. Waliangalia wagonjwa 648 wa dimenshia. Waliozungumza lugha zaidi ya moja walianza kuugua kama miaka minne na nusu baadaye kuliko wenye lugha moja. Na jambo lililonifurahisha: tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma, kwa hiyo si shule inayojificha nyuma ya lugha. Ni utafiti wa watu waliofika kliniki, hivyo si wa kuapia. Ila fikiria mama wa soko hapa: Mashi nyumbani, Kiswahili na wateja, Lingala na askari, Kinyarwanda na watu wa ng'ambo ya Ruzizi, hesabu za dola kwa Kifaransa. Kama lugha zinakinga, hapa kwetu pangefaa sana kufanyia utafiti huo, kuliko Canada walikoanzia.

---

Mutu wa Katuba

Bakubwa, huku Lubumbashi miye nina wasiwasi na kitu kingine kabisa. Tumekulia chini ya moshi wa kiwanda cha shaba kinachofanya kazi tangu 1911. Watafiti wa chuo kikuu chetu walipima damu na mkojo wa watu, walikuta risasi na kobalti kwa wingi, hata kwa watoto. Bazee ba kazi wa hapa, waliokaa mgodini na viwandani maisha yote, ninawaona wakitoka pensheni akili inaenda haraka sana. Hiyo haiko kwenye ile orodha ya 14?

Na tena mutujibu: kuna jeni ya Alzheimer ao hakuna? Kama ipo, Mwafrika na mzungu ni sawa?

---

Mwana wa Kadutu

Mukubwa, risasi kama madini yenyewe haimo kwenye 14; kilichomo ni hewa chafu kwa ujumla. Lakini kwamba risasi inaharibu ubongo hilo halina mjadala, hasa kwa mtoto. Mtoto anayeathirika leo ndiye mzee wa 2080. Kwa wastaafu ningeangalia pia mambo mengine yanayokuja pamoja: masikio yaliyokufa kwa kelele za mashine, pombe, presha isiyotibiwa, na kukaa bure baada ya kazi kwisha. Wazee wa Lubumbashi wana kumbukumbu za kazi, daftari za malipo, na idara walizofanyia. Mtafiti angeweza kuwapanga kwa kiwanda na kwa miaka. Kwa nini hakuna anayefanya, linaniuma.

Jeni: ipo moja inayojulikana zaidi, inaitwa APOE, na aina yake ya e4 ndiyo yenye hatari. Kwa wazungu aliyerithi e4 kwa baba na mama pia ana hatari kubwa mara nyingi zaidi, na kwa Wajapani vivyo hivyo. Ndani ya Ulaya yenyewe e4 inaongezeka kadiri unavyotoka Italia kwenda nchi za kaskazini kama Finland. Afrika e4 ni nyingi sana, na kati ya waliopimwa wenye wingi mkubwa ni watu wa msitu wa Congo. Kwa hesabu hiyo sisi tungepaswa kuugua kuliko wote. Lakini Ibadan mwanzoni hawakuona uhusiano wowote kati ya e4 na Alzheimer. Baadaye walipoongeza watu, waliona hatari kwa wale tu waliorithi pande zote mbili. Jeni moja, nguvu tofauti kulingana na mwili na maisha inamokaa. Ndiyo maana mtu wa asili ya Afrika anayeishi Marekani anaugua zaidi ya mzungu wa huko, na binamu yake wa Ibadan alikuwa anaugua kidogo.

---

Kijana wa Nguba

Yaya, basi jibu rahisi ni kurudi kijijini tule bugali na sombe tulime? Nilisoma kuhusu Wahindi wekundu wa Bolivia.

---

Mwana wa Kadutu

Watsimane. Ndiyo, 2022 walitangaza kwamba kati ya Watsimane wa miaka 60 na zaidi wenye dimenshia ni karibu 1% tu. Hao wanatembea, wanawinda, wanalima mpaka uzeeni, na mishipa ya moyo wao ni misafi kuliko ya watu wote waliowahi kupimwa. Kwa hiyo tofauti za kweli zipo duniani, sitaki mtu aelewe kwamba ninasema zote ni makosa ya hesabu.

Ila mkulima wa leo wa Bushi, vijijini kwetu, si Mtsimane. Chumvi tunaijaza, mafuta tunayamimina, na presha ninaikuta vijijini kila tunapofungua mashine. Kulima ni kuzuri. Kupimwa pia.

---

Mzawa wa Birere

Ndugu zangu, mnaongea takwimu vizuri, lakini huku Goma na huko kwenu kuna kitu hamjakigusa. Mama mdogo wa baba yangu alianza kutembea usiku. Anatoka, anakutwa mlango wa jirani anagonga, anaongea na watu waliokufa. Jirani akasema ni mchawi. Wakampeleka chumba cha maombi, akafungiwa siku kadhaa bila chakula akiambiwa aungame. Aliungama! Mtu asiyejua siku wala mahali, ukimuuliza mara mia "wewe ndiye uliyekula yule mtoto" atasema ndiyo ili umpe maji. Leo bado yuko hai kwa sababu kaka yangu alikuja na watu akamtoa kwa nguvu.

Mimi sina shule ya udaktari. Nauliza tu: hao waliokufa namna hiyo, wako kwenye hesabu gani?

---

Mwana wa Kadutu

Hawako kwenye hesabu yoyote, ndugu yangu. Na ninakushukuru kwa kulisema wazi.

Kivu ya Kusini, mwezi wa tisa 2021, wanawake wanane waliuawa kwa kuchomwa au kupigwa na umati, Kabare, Kalehe na Fizi, wakisingiziwa uchawi. Nyuma ya mashtaka ya aina hii mara nyingi kuna wale wanaojiita manabii wa kike, bajakazi, wanaodai kumtambua mchawi kwa macho. Siwezi kusema wangapi kati ya wanawake hao walikuwa wagonjwa. Ninachosema kama muuguzi: kutembea usiku, kuongea na marehemu, kumshuku mkwe kwamba ameiba, kukojoa pasipostahili, kumwita mtoto kwa jina la ndugu aliyekufa, hizo zote ni dalili za kawaida za dimenshia Ulaya, Japani, Brazili na kila mahali. Kule mzee mwenye dalili hizo anapelekwa hospitali.

Mkilinganisha mila na mila, linganisheni na hapa. Sababu za hatari za ugonjwa zinafanana dunia nzima. Hatari ya kuuawa na watu kwa ajili ya ugonjwa haifanani.

Viongozi wa makanisa mnaosoma hapa, mko wengi. Semeni hili mimbarini, kwa Mashi, kwa Kihavu, kwa Kiswahili.

---

Mama Neema wa Moshi

Salamu kutoka Kilimanjaro. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Hai, ninaifahamu ile kazi. Tuliwapa wazee njiti za kiberiti wapange umbo badala ya kalamu, na hapo asiyesoma anakuwa sawa na aliyesoma. Baadaye watu wa kule walijaribu pia vikundi vya wazee: wanakaa pamoja, wanaimba, wanakumbushana majina ya vitu, wanaongea habari za zamani, chini ya msimamizi asiye daktari. Inasaidia, na haihitaji dawa.

Muganga, watu wasikate tamaa kwamba ni mpaka daktari bingwa.

---

Mwana wa Kadutu

Mama, asante, hiyo ya njiti ninaichukua kuanzia Jumatatu.

Na niongeze ya China, maana imetoka 2025 na inatuhusu moja kwa moja. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wa miaka 40 na zaidi wenye presha. Nusu ya vijiji, mhudumu wa kijijini ambaye si daktari bingwa aliwafuatilia, akawaanzishia dawa na kuziongeza mpaka presha ishuke kabisa, akawafundisha kujipima. Vijiji vingine viliendelea kama kawaida. Baada ya miaka minne, walioshushwa presha walikuwa na dimenshia pungufu kwa 15%. Mhudumu wa kijijini! Sisi tuna rele komiuniteri (wahudumu wa afya wa jamii) kila mtaa, wanaozunguka kwa chanjo na chandarua. Wapewe mashine ya presha.

Maana mawimbi yanakuja. Makadirio mengine ya kimataifa yanasema wagonjwa wataongezeka kutoka milioni 57 mwaka 2019 hadi milioni 153 mwaka 2050. Japani nyongeza ni 27% tu, kwa kuwa wao wameshazeeka. Afrika Mashariki ni 357%. Congo leo wenye miaka 65 na zaidi ni kama 3% ya watu wote, ndiyo maana hatuwaoni. Watoto waliozaliwa enzi za Mobutu ndio wazee wa kesho.

---

Furaha K.

Samahani kuingilia. Mama yangu ana miaka 68. Mpaka wiki iliyopita alikuwa anapika na kwenda misa mwenyewe. Tangu siku tatu hatambui nyumba, anaongea ovyo usiku, mchana analala. Jirani amesema ni ugonjwa huu mnaoongelea na hauna dawa, tumkubali hivyo. Tufanye nini?

---

Mwana wa Kadutu

Furaha, mpeleke leo, usingoje kesho.

Dimenshia haiji kwa siku tatu, inakuja kwa miezi na miaka. Akili ikivurugika ghafla kwa mzee kuna kitu kinachoendelea mwilini: malaria, homa ya mkojo, nimonia, sukari kushuka au kupanda, upungufu wa maji, kiharusi kidogo, au dawa mpya aliyopewa. Mengi ya hayo yanatibika. Mwambie muganga: ameanza lini, dawa gani anakunywa hata za kienyeji, ameanguka lini. Kama alijigonga kichwa hata mwezi mmoja au miwili iliyopita sema, damu inaweza kukusanyika taratibu kwenye fuvu na ikatolewa. Waombe wapime malaria, sukari, presha na mkojo kwanza.

Kwa wengine ambao mzazi anafifia taratibu: hata huko kuna vya kutafuta kabla ya kusema hakuna dawa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende ya zamani, VVU, na huzuni kubwa inayofanana na dimenshia kabisa. Kwa waliopitia vita, huzuni na kiwewe viangaliwe sana: wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye kiwewe cha vita walionekana kupata dimenshia karibu mara mbili ya wenzao, na sisi kiwewe hatukukipata kwa kwenda jeshini. Vituo vya afya ya akili vipo: Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain. Hivyo vyote vinapokea wazee, si vichaa tu kama watu wanavyosema.

Furaha, mko mtaa gani? Niandikie inbox, nikuambie kituo cha karibu chenye maabara usiku huu.

---

Furaha K.

Tuko Panzi. Ninakuandikia sasa hivi, yaya. Tunatafuta gari.